Kujikinga na saratani ya matiti: mwongozo kwa mwanamke wa Mombasa

Taja saratani ya matiti kwenye kikao chochote cha wanawake hapa Mombasa, iwe ni chama cha Majengo au maandalizi ya harusi Mji wa Kale, na punde si punde utasikia habari za sidiria nyeusi, simu iliyowekwa kifuani, dawa ya kwapa na sukari. Pombe haitajwi. Kiuno hakitajwi. Kunyonyesha kutatajwa na bibi mmoja aliyekaa pembeni, naye atakatizwa kabla hajamaliza. Mambo yamepinduka, kwa sababu hayo matatu yanayopuuzwa ndiyo yenye ushahidi mzito. Mwongozo huu unaanza na yenye uzito mkubwa, na yale madogo nitayapitia mbio.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kinga. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Shirika hilohilo linaeleza kuwa karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote inayoweza kuonyeshwa zaidi ya kuwa wanawake na kupita miaka 40. Kwa hivyo hatua hizi hupunguza uwezekano, hazifungi mlango. Na anayekwenda kumtazama mgonjwa na kumuuliza "ulikuwa unakula nini?" afadhali abaki nyumbani kwake. Wanaume nao huupata, kati ya asilimia 0.5 na 1 ya wagonjwa wote, ila wengi huchelewa kwenda hospitali kwa kuona haya.

Andika historia yako kwanza

Chukua daftari au nyuma ya kadi ya kliniki. Andika umri uliovunja ungo, umri uliojifungua mtoto wa kwanza, miezi uliyonyonyesha kwa watoto wote ukijumlisha, na umri hedhi ilipokoma ikiwa imeshakoma. Haya ni muhimu kwa sababu ya estrojeni. Kila mwezi ovari hutoa homoni hii, na chembechembe za matiti huitikia kwa kugawanyika. Kadiri zinavyogawanyika miaka mingi, ndivyo nafasi ya kosa kutokea ndani ya chembe inavyoongezeka. Msichana anayevunja ungo mwaka mmoja mapema kuliko mwenzake huwa na hatari iliyo juu kwa takriban asilimia 5, na kila mwaka hedhi inavyochelewa kukoma huongeza karibu asilimia 3. Hayo huwezi kuyabadilisha. Unayaandika ili daktari ajue mahali pa kuanzia.

Kisha uliza kuhusu ukoo. Hapa pana kazi, maana watu wetu huficha. Bibi hatasema "saratani". Atasema marehemu alikuwa na donda la ziwa, au uvimbe uliomsumbua kifuani, au kwamba alirogwa. Muulize kwa maneno hayohayo yake. Uliza kuhusu mama, dada, mama wadogo na wakubwa, halafu uliza kuhusu shangazi na bibi mzaa baba, kwa sababu jeni zenye hitilafu, ambazo zijulikanazo zaidi ni BRCA1 na BRCA2, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Saratani za kurithi ni kati ya asilimia 5 na 10 tu ya zote. Lakini kama jamaa wawili wa karibu waliugua, au mmoja aliugua kabla ya miaka 50, au ukooni kuna saratani ya ovari au mwanamume aliyepata ya matiti, mpelekee daktari daftari hilo sasa, usingoje dalili.

Pombe

Hapa sina njia ya kulainisha maneno. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, na titi ni mojawapo ya sehemu zinazoguswa hata na kiasi kidogo. Kila gramu 10 za kileo kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Piga hesabu mwenyewe.

Mnazi hausalimiki kwa kuwa wa asili. Mwili hauulizi kileo kimetoka kiwandani au mangweni. Kinavunjwavunjwa kuwa asetaldehidi, ambayo huharibu DNA, na pia hupandisha kiwango cha estrojeni kwenye damu. Tena mnazi huendelea kuchacha tangu mgema anaposhuka mtini, kwa hivyo wa jioni si wa asubuhi. Kama hunywi kwa sababu ya dini au hiari, hatua hii umeshaimaliza. Kama unakunywa, kila unachopunguza kina faida.

Kiuno, na tatizo la dera

Dera ni vazi la starehe kwa joto letu, lakini lina hila moja: halimwambii mtu kuwa amenenepa. Suruali ingekubana ukaijua habari. Dera na buibui hukukaribisha ukiwa na kilo 60 na hukukaribisha ukiwa na 85.

Basi azima futi ya fundi cherehani. Simama wima asubuhi kabla ya chai, tafuta kwa kidole mwisho wa ubavu wa chini na juu ya mfupa wa nyonga, zungusha futi katikati ya hapo, toa pumzi kama kawaida, usome. Usilivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani huhesabu zaidi ya sentimita 80 kuwa hatari iliyoongezeka ya magonjwa yanayoletwa na mafuta ya tumboni, na zaidi ya 88 kuwa hatari kubwa. Andika tarehe na namba, upime tena kila mwezi.

Uhusiano na matiti uko hivi. Hedhi ikikoma, ovari huacha kutoa estrojeni, lakini mafuta ya mwili huchukua kazi hiyo: kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kilichomo ndani ya mafuta, hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Mwanamke mnene wa miaka 60 huwa na estrojeni nyingi kuliko mwembamba wa umri wake, wakati ambapo mwili haukukusudia awe nayo. Kwa mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60, kilo 13 hivi za ziada humwongezea takriban asilimia 12 ya hatari baada ya hedhi kukoma. Jambo la ajabu ni kwamba kabla ya hapo unene hauongezi hatari hii. Ila kilo za miaka 35 huwa hazijiondokei zenyewe ukifika 55, na ndiyo sababu ya kuanza kuzitazama mapema.

Hapa niseme neno kuhusu vidonge vya kunenepesha na kuongeza makalio vinavyouzwa kwa siri. Mara nyingi ni steroidi na dawa za mzio zilizotolewa kwenye pakiti zake. Huleta uzito, huvuruga sukari na shinikizo la damu, na muuzaji hawezi kukuambia umemeza nini. Mwanamwari anayepewa hivyo kabla ya harusi amedhulumiwa.

Chunguni

Hakuna chakula kimoja kinachozuia saratani ya matiti. Unga wa majani ya mstafeli, habbasoda, manjano kwenye maziwa ya moto: hakuna kati ya hivyo kilichothibitishwa kwa binadamu kuzuia wala kutibu. Kula habbasoda kwa ladha yake, na kama umeshagunduliwa na ugonjwa, mwambie daktari kila unachomeza, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hugongana na dawa.

Kinachoonekana kwenye tafiti ni mtindo wa ulaji mzima, hasa nyuzinyuzi. Uchambuzi uliokusanya tafiti 20 na kuchapishwa 2020 ulikuta wanawake wanaokula nyuzinyuzi nyingi zaidi wana hatari ndogo kwa asilimia 8 kuliko wanaokula chache zaidi. Maelezo mojawapo ni kwamba ini hutupa estrojeni iliyotumika kupitia nyongo hadi utumboni. Nyuzinyuzi zikiwepo inatoka na choo, zisipokuwepo sehemu yake hunyonywa na kurudi kwenye damu.

Bahati yetu ni kwamba mapishi ya Pwani yana nyuzinyuzi tele. Tatizo liko kwenye vipimo. Chukua mbaazi na mahamri. Mbaazi ni chakula bora kabisa: protini, nyuzinyuzi, na bei inavumilika. Lakini sahani ya kawaida ni mahamri manne na mbaazi kidogo za kuchovyea, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Ipindue: bakuli la mbaazi lijae, mahamri yawe moja au mawili. Kwenye tui, chemsha mbaazi zilizoiva kwa tui jepesi, lile la mkamuo wa pili na wa tatu, pamoja na kitunguu, pilipili na manjano, kisha malizia kwa vijiko vichache vya tui zito na uepue lisije likakatika. Ladha ya nazi inabaki na mafuta yanapungua sana. Sijaona ushahidi unaoilaumu nazi yenyewe kwa saratani ya matiti, na sitamwambia Mswahili aache nazi. Kinacholeta shida ni nishati nyingi iliyojificha kwenye tui zito la kila siku, juu ya wali uliojaa sinia.

Wali nao, pika kikombe kimoja pungufu ya ulichozoea, ujazie mchicha, mnavu, matembele, kisamvu au bamia. Kwenye masoko ya Marikiti na Kongowea mboga hizi ni nafuu ukienda jioni, wachuuzi wanapotaka kufunga. Pojo, kunde na maharage ziwe mezani mara nyingi kuliko nyama. Samaki wa kupaka aliyechomwa ni bora kuliko wa kuzama mafutani, ila punguza sehemu zilizoungua kuwa makaa. Tunda ulitafune: juisi ya embe iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio na kukubakishia sukari.

Ramadhani ndiyo mtihani. Watu hufunga mchana kutwa na kumaliza mwezi wameongeza kilo, kwa sababu futari ni sambusa, katlesi, bhajia, viazi karai na kaimati kwa pamoja. Chagua kimoja cha kukaanga kila siku, mezani kuwe na uji, tende, matunda na mbaazi au kunde, na vya kukaanga vingine vingoje zamu yake. Mama mkwe akinuna, mwambie umeagizwa na daktari.

Soya haiongezi hatari. Ina vitu vinavyofanana na estrojeni kwa umbo, lakini nguvu yake ni ndogo mno, na kwenye jamii za Asia wanaokula soya tangu utotoni hatari huonekana kushuka. Sukari "hailishi" saratani ya matiti moja kwa moja. Njia yake ni kupitia kiuno.

Miguu

Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Ufukweni Mama Ngina baada ya sala ya alfajiri kuna upepo na wanawake wenzako wengi. Anayevuka feri Likoni kila siku aingize mwendo humo: teremka tuktuk kituo kimoja kabla. Mwendo hupunguza estrojeni na insulini hata uzito usiposhuka.

Kunyonyesha

Bibi aliyekatizwa kule mwanzo alikuwa sahihi. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30: kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, mbali na asilimia 7 zinazopungua kwa kila uzazi. Mwanamke aliyenyonyesha watoto watatu kwa miaka miwili miwili ana miezi 72. Qurani kwenye Surat al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na ushauri wa afya wa leo unakubaliana: miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, kisha uendelee pamoja na vyakula hadi miaka miwili au zaidi.

Anayefanya kazi ya kuajiriwa hukwama baada ya likizo ya miezi mitatu. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Mwandikie barua mkuu wako mapema, ukiwa bado na mimba, na anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi kazini.

Tahadhari moja ambayo ningependa kila somo amfundishe mwari wake: kwa miaka kadhaa baada ya kujifungua hatari hupanda kidogo kabla ya kushuka. Uvimbe kwa mama anayenyonyesha mara nyingi ni maziwa yaliyoganda, hukandwa kwa maji moto na mtoto akanyonya ukaisha. Ukipita wiki mbili haujaisha, dai altrasaundi. Usikubali kurudishwa nyumbani na maneno ya "ni maziwa tu".

Homoni za kliniki

Vidonge vya uzazi wa mpango vimezushiwa mengi, basi tutumie namba. Utafiti mkubwa wa Denmark uliotoka 2017 ulionyesha wanaotumia njia za homoni wana hatari iliyo juu kwa asilimia 20 hivi. Ukisikia asilimia 20 unatupa pakiti. Sasa tazama maana yake: katika wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka mmoja, huongezeka mgonjwa mmoja. Hatari hupungua baada ya kuacha, na vidonge hivyohivyo hupunguza saratani ya ovari na ya mji wa mimba. Mwenye miaka 24 asiye na historia ya ukoo ana sababu ndogo ya kuogopa. Mwenye miaka 42 ambaye mamake aliugua azungumze na muuguzi kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni.

Tiba ya homoni baada ya hedhi kukoma ni habari nyingine. Ile inayochanganya estrojeni na projestojeni, ikitumika miaka mingi, huongeza hatari waziwazi. Jaribio kubwa la Marekani lilisimamishwa 2002 kwa sababu hiyo. Itumike kwa muda mfupi, kwa shida halisi, chini ya daktari.

Mazingira

Mahali hapa uvumi ni mwingi kuliko ushahidi. Sidiria, dawa ya kwapa na simu: ziache zilale. Mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, nayo hutumia mionzi midogo sana, sawa na ile ya kawaida ya mazingira unayopata kwa wiki saba hivi.

Nywele zinastahili dakika mbili. Utafiti wa Marekani wa 2019, uliofuatilia wanawake 46,709 ambao dada zao waliugua, uliona rangi za kudumu za nywele zikiambatana na ongezeko la asilimia 9, na kwa wanawake weusi asilimia 45. Dawa za kunyoosha nywele nazo zilionyesha ongezeko. Utafiti wa namna hiyo haukati kauli, lakini kama unaweka dawa kila baada ya wiki sita, hupotezi chochote ukiongeza muda kati ya mara na mara. Hina halisi haina shida hiyo. Piko ni rangi ya nywele, mara nyingi yenye kemikali ya PPD, nayo huunguza ngozi za baadhi ya maharusi. Kosa lake linalojulikana ni mzio. Krimu za kujichubua zenye zebaki huharibu figo, na hiyo ni sababu tosha ya kuzitupa.

Usitie uji au mchuzi wa moto kwenye plastiki. Ushahidi kwa binadamu haujakamilika, lakini baadhi ya plastiki hutoa kemikali zinazoiga estrojeni, na bakuli la bati au la udongo halina gharama kubwa. Sigara na shisha ni tumbaku, nayo huongeza hatari, hasa kwa msichana anayeanza kabla ya kuzaa. Zamu za usiku za miaka mingi, ambazo wauguzi wetu na wafanyakazi wa bandarini wanazijua, IARC inaziweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani; anayeweza kuomba zamu za mchana baada ya miaka mingi ya usiku, aombe.

Na kuna ambayo huwezi kuyaepuka ukiwa peke yako. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Jomvu, walipata sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda jirani. Risasi hiyo si habari ya matiti, ila kesi yao, ambayo mahakama ya hapa Mombasa mwaka 2020 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, inaonyesha kuwa malalamiko ya mtaa mzima husikika kuliko ya mtu mmoja.

Yajue matiti yako, uende mapema

Mwaka 2002 matokeo ya jaribio la Shanghai lenye wanawake zaidi ya 266,000 yalionyesha kuwa kufundishwa kujipapasa kwa utaratibu maalumu hakukupunguza vifo. Usijitese na ratiba basi. Unachohitaji ni kuyajua matiti yako yalivyo siku za kawaida, unapooga, siku chache baada ya hedhi kuisha. Ukiona uvimbe mgumu hata usiouma, uvimbe kwapani, chuchu iliyoingia ndani ghafla, majimaji yenye damu, au ngozi iliyo kama ganda la chungwa, hiyo ni safari ya wiki hii. Ukitaka kusomewa dua, isomwe jioni, asubuhi uende kliniki.

Bila dalili, miongozo ya Kenya inaanza mamogramu kwa miaka 40. Kabla ya hapo, mwambie muuguzi akupime kwa mkono kila unapokwenda kwa jambo jingine. Hospitali ya Coast General kuna kituo cha saratani, kwa hivyo si lazima mambo yaanzie Nairobi. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni jibu kamili ndani ya siku 60 tangu ulipofika hospitali mara ya kwanza. Andika tarehe hiyo kwenye daftari lile la historia yako, na ikifika siku ya 30 bila jibu, rudi ukaulize.

Uvimbe wenye mashaka hutolewa kipande kidogo cha kupimwa kwa sindano nene, na sindano hiyo haisambazi saratani. Jibu likirudi kuwa ni saratani, usitoke pale bila kuuliza matokeo ya vipokezi vitatu, yaani sehemu za chembe zinazopokea amri ya kukua: cha estrojeni, cha projesteroni (homoni nyingine ya kike) na HER2. Kama hayakupimwa, omba yapimwe kabla ya kukubali tiba yoyote, kwa kuwa ndiyo yanayomwambia daktari kama tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kinachofunga mlango wa estrojeni, kitakufaa au la. Toa nakala mbili za karatasi hiyo, moja ikae nyumbani.